Hapa Hatukunji Kitambaa

Watu wakimtaja binti yangu huanza na neno masikini. Masikini yule binti wa fundi, kasoma kompyuta mpaka kamaliza, halafu karudi kukaa na mama yake kwenye cherehani. Nimeamua kuziandika habari zake mwenyewe kwa mkono wangu, kwa sababu huo umasikini mimi siuoni, na mtu akilitamka neno hilo mbele yangu namwonyesha mlango ulipo.

Baba yake alimwita Mbishi tangu hajaota meno, maana alikuwa anagombana hata na kijiko. Jina la kwenye cheti lipo, wanalijua ofisini. Sisi nyumbani, pamoja na barabara nzima, tunamwita Mbishi, naye anaitika bila kununa.

Karakana yetu iko ghorofani, juu ya duka la rangi za nyumba. Ngazi zake ni nyembamba, zina kona katikati, na ukipanda na mzigo lazima uende ubavuubavu. Chumba cha mbele kina vyerehani, meza ya kukatia na dirisha kubwa. Cha nyuma kina pasi, magunia ya vipande, na kompyuta ambayo Mbishi aliinunua ikiwa imeshatumiwa na watu mpaka herufi za vibonye zimefutika. Tunaofanya kazi humo ni mimi, Mbishi, na mdogo wangu ambaye kila mtu anamwita Mama Mdogo, hata wateja waliomzidi umri. Kaka yake Mbishi hayumo. Yeye ameajiriwa kwenye kampuni ya programu za simu, na kadi ya kazi anaivaa shingoni hata siku ya mapumziko. Mama Mdogo akampachika jina la Meneja. Hajawahi kuwa meneja wa chochote, ila jina limemkaa.

Sasa niseme jambo moja la kazi yetu, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Fundi wa kawaida anakunja kitambaa katikati, anapima bega moja, anakata, na akikunjua anazo pande mbili zinazofanana. Ni haraka, wala simlaumu mtu. Mimi sikunji. Marehemu mume wangu alizaliwa na mkono mmoja mfupi na bega la upande ule limeshuka. Kila fundi alimshonea shati la mtu mwingine. Tulipooana nikampima kulia, nikampima kushoto, nikakata kila upande peke yake. Siku alipolivaa alisimama mbele ya kioo mpaka akachelewa kazini. Tangu siku hiyo kwenye meza yangu kila mtu anapimwa pande zote mbili, awe mzima, awe mgonjwa, awe mcheza mpira. Anayeona namchelewesha, mafundi wako wengi mtaani.

Kwa ajili hiyo ile shule iliyo mwisho wa barabara ilikuwa yetu. Ni shule inayopokea watoto wote, wanaokimbia na wanaosukumwa kwenye viti vya magurudumu, na sare zao zote tulishona sisi.

Mbishi alipomaliza chuo alizunguka na bahasha yake mpaka viatu vikalika upande. Siku moja akaitupa bahasha kabatini, akasema badala ya kuwaandikia watu wasiomjibu ataniandikia mimi. Akatunga programu kwa lugha ya Java, ambayo ni lugha wanayoitumia kuipa mashine maagizo. Unaiingizia vipimo vya mtu, inapiga hesabu, inakuonyesha jinsi ya kuvilaza vipande juu ya kitambaa kisipotee, halafu inachapa karatasi za kukatia. Mimi nilimpa sharti moja tu. Nilimwambia, hapa hatukunji kitambaa.

Alinisikiliza kuliko nilivyotegemea. Aliandika programu nzima ya upande wa kulia. Ilipokubali, akaandika programu nzima ya upande wa kushoto, nayo ina dirisha lake kwenye kioo cha kompyuta na hesabu zake. Ukitaka kukata shati unazifungua zote mbili, moja huku na nyingine huku. Meneja, ambaye wakati huo alikuwa bado chuoni, alipoziona alicheka mpaka akashikilia ukuta. Alisema duniani kote mtu anaandika bega mara moja tu, halafu analiita kila anapolihitaji. Mbishi akamwambia sawa, na yeye aandike la kwake. Hakuandika. Programu zile zilifanya kazi miaka na miaka, zikawa zinarekebishwa kila mtoto mgeni alipokuja na mwili wa namna yake, bega la kulia likawa na mambo yake na la kushoto na ya kwake, na sisi tukasahau kwamba kuna mtu aliwahi kucheka.

Kisha akaja Mwalimu Mkuu mpya.

Alipanda ngazi zetu mara moja. Alifika juu anahema, akageuka, akaziangalia, akauliza watoto wa viti vya magurudumu wanafikaje hapa. Tukamwambia tunawabeba, Mama Mdogo na Mbishi. Akasema kwa upole tu kwamba hapendi mtoto abebwe kama gunia kwa sababu ya kupimwa shati. Niliudhika, maana alisema kweli. Akaendelea kusema kwamba ama vipimo vichukuliwe darasani, mbele ya walimu, hesabu itoke palepale, ama sare ziende kiwandani. Kiwanda tayari kilikuwa na njia yake. Mtu anampiga mtoto picha kwa simu, simu inasema huyu ni saizi fulani, imekwisha. Siku ya mkutano wa wazazi kila upande ungeonyesha wake, naye angeamua.

Na hiyo programu ya picha imetengenezwa na nani? Na kampuni ya Meneja. Tena aliyetumwa kuja kuionyesha ni yeye.

Shule ile ndiyo iliyokuwa inatuweka mjini. Bila sare zake tungebaki na mapazia na kupunguza suruali za watu waliokonda. Mama Mdogo alianza kusema tutafute chumba cha chini, tuhame na kompyuta yetu. Mbishi akasema kompyuta haihami, ikitikiswa haitawaka tena. Programu ndiyo itakayohama. Ataitia kwenye simu.

Meneja alikuja siku hiyohiyo na matunda kwenye mfuko, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Alimkalisha dada yake akamweleza kwa utaratibu. Kitu cha zamani namna ile hakihamishwi, kinaachwa. Ama aandike upya kutoka mwanzo, na muda huo hana, ama akubali kuingia kwenye kampuni yao, yeye atamsemea. Hakusema kwa ubaya. Nilimzaa mimi, namjua akisema kwa ubaya.

"Dada, unajitesa," alimwambia. "Ile ni mitumba."

"Mitumba ndiyo iliyokulipia chuo," akasema Mbishi, na mazungumzo yakaisha hapo. Matunda tuliyala.

Akaanza. Wao wanaita kujenga. Unachukua maandishi yote ya programu, unaiambia mashine iyajenge yawe kitu ambacho simu inaweza kukimeza. Ikiridhika, inakupa programu. Isiporidhika inakutolea makosa kwa mistari myekundu. Alipojenga mara ya kwanza mistari ilishuka kwenye kioo bila kusimama, mpaka Mama Mdogo akaacha cherehani akaja kutazama, akasema hata aliyemtapeli ndugu yake hajawahi kutukanwa hivyo. Mimi nilisema ni vumbi. Nilichukua simu nikaifuta vizuri kwa kitambaa laini, nikamrudishia, nikamwambia ajaribu sasa. Alijaribu ili asinivunjie heshima. Mistari ikashuka ileile.

Nilichokipenda ni kwamba hakushika kichwa. Mtu mwingine angeangalia ule wingi akazima. Yeye alipandisha mistari mpaka juu kabisa, akalisoma kosa la kwanza peke yake, mengine hata hakuyatazama. Nilimuuliza mbona anayaacha. Akasema mengi yale yanalia kwa kuwa la kwanza linalia. Ukimnyamazisha yule, nyumba nzima inaweza kunyamaza.

La kwanza lilisema madirisha hayapo. Programu yetu ilikuwa na madirisha na vibonye vya kompyuta kubwa, na Java ya kwenye simu haina vitu hivyo, haijawahi hata kuvisikia. Kila palipoandikwa dirisha, simu iliuliza dirisha gani. Mbishi hakuhangaika kulitafutia simu dirisha. Alikaa akatenganisha. Kila kilichokuwa sura, yaani kibonye, rangi, kisanduku, akakiweka kando. Kila kilichokuwa hesabu akakihamishia kwenye folda yake peke yake. Alinieleza kwamba hesabu haijui inakaa wapi. Bega ukiligawa unaligawa, iwe kwenye kompyuta au kwenye simu. Kazi hiyo ilikula siku nyingi, kwa kuwa zamani alivichanganya, sura na hesabu vimeshikana kama bitana na kitambaa, unafumua hapa unachana pale. Alipojenga ile folda ya hesabu peke yake, mistari ikapungua. Tuliiona kwa macho ikipungua.

Kisha likaja la kipande cha kuazima. Ile sehemu ya kulaza vipande juu ya kitambaa hakuiandika yeye, aliichukua kwa watu wanaogawa kazi zao bure mtandaoni. Kipande chenyewe kilikuwa kimetengenezwa kwa Java mpya kuliko ile ambayo mashine ya kujengea iliiweza. Akagombana nacho tangu asubuhi mpaka chai ikaota utando kwenye kikombe. Mwisho akatafuta toleo la zamani la kipande kilekile, akaliweka, likaingia bila kelele. Alipiga meza kofi moja, akaendelea.

Hapo sasa likatokea kosa lililotaka kutumaliza.

Kwenye kompyuta, programu ya kulia na ya kushoto hazikuwahi kujengwa pamoja. Kila moja ilikuwa na kwake. Kwenye simu zilitakiwa ziwe programu moja. Na kwa kuwa ya kushoto aliianza kwa kuinakili ya kulia, kila kitu humo kilikuwa na pacha wake. Bega lipo huku na huku. Kola huku na huku. Mkono huku na huku. Mashine ikagoma. Ikasema bega limeshaandikwa, haiwezi kupokea mabega mawili.

Mkutano ulikuwa umekaribia. Mbishi alikuwa na macho mekundu na sauti imemkauka. Meneja akapita kutusalimu, akaisoma ile mistari mara moja, akasema nilishasema. Akamshauri afute nakala moja, abaki na bega moja, kosa litaondoka. Mbishi alibisha, lakini alibisha kwa uchovu, na nilijua kwamba leo hana nguvu ya kubisha mpaka mwisho. Akafuta la kushoto. Akajenga.

Hakuna mstari hata mmoja mwekundu. Simu ikafunguka, ina visanduku vya kijivu na kibonye kimoja. Mama Mdogo akapiga vigelegele mpaka mwenye duka la rangi akagonga dari kwa fagio. Meneja akamkumbatia dada yake, na nasema kweli, alifurahi kuliko sisi.

Kuna msichana wa darasa la tatu ambaye mgongo wake umepinda kama upinde, bega moja liko juu karibu na sikio, na ngazi zinamshinda. Mama yake alimleta tumpime tujaribu. Tulimbeba ngazini kwa mara ya mwisho, ndivyo tulivyomwahidi. Nikampima mwenyewe, kulia na kushoto, Mbishi akaingiza kwenye simu, hesabu ikatoka, nikakata shati la majaribio kwenye shuka kuukuu. Mtoto akalivaa. Akainua mkono wa kulia, akainua wa kushoto, akarudia wa kushoto. Mtoto mwenye adabu, alikuwa hataki kutuudhi.

"Bibi," akasema, "huku kunanivuta."

Nilidhani ni sindano yangu. Nikafumua, nikashona tena nikiwa nimevaa miwani. Kukavuta vilevile. Nikapima karatasi ya kukatia kwa tepu, nikaona ya kushoto ni ndugu kabisa wa ya kulia. Nikamwita Mbishi. Alitazama karatasi, akatazama simu, akakaa kwenye gunia la vipande. Simu haikuwa inalalamika chochote. Alikuwa ameliambia bega la kulia lifanye kazi ya mabega mawili, nalo likatii.

Meneja alisema tofauti ni ndogo, siku ya mkutano hakuna atakayeona, baadaye atarekebisha polepole.

"Imenyamaza tu," akasema Mbishi. "Haijapona."

Akarudisha alichokifuta. Alikirudisha mbele yetu sote, akajenga, na mistari myekundu yote ikarudi. Meneja alishika kiuno.

"Yaani umeyarudisha makosa kwa hiari yako?"

"Afadhali haya, yananiambia ukweli. Toa mkono kwenye meza yangu, kaka."

Nikampenda hapo. Nimempenda siku zote, lakini hapo nilimpenda kama mtu unayekutana naye njiani ukatamani awe wako.

Kesho yake alilala mpaka jua likamchoma usoni, akaoga, akala, ndipo akakaa. Njia aliyoipata ni nyepesi kuisema. Alijenga vyumba viwili ndani ya programu moja. Bega la kulia, kola na mkono wake akaviweka kwenye chumba kiitwacho kulia. Vya kushoto akaviweka kwenye chumba cha kushoto. Mashine haina ugomvi na watu wawili wenye jina moja kama wanakaa vyumba tofauti. Ugumu ulikuwa kwingine. Kila mahali ndani ya maandishi palipoandikwa bega, alitakiwa aseme ni la chumba gani, na mahali penyewe palikuwa pengi hata hapasemeki. Mashine ilimwuliza moja baada ya moja, yeye akajibu moja baada ya moja. Hakuna alipobahatisha. Akitilia shaka ananiita, ananiuliza hapa tulikuwa tunafanyaje, na mara nyingine namjibu sikumbuki, anakwenda kujipima mwenyewe kwenye kioo. Mstari wa mwisho mwekundu ulipoondoka hakuna aliyepiga vigelegele. Tulimtumia mama yake mtoto ujumbe. Safari hii tulikwenda sisi kwao. Shati jipya halikuvuta.

Siku ya mkutano darasa lilijaa wazazi mpaka wengine wakasimama dirishani. Meneja alianza. Alikuwa na kioo kikubwa cha kuonyeshea picha, anazungumza vizuri, na kitu chake kilikuwa cha ajabu, sitamnyima sifa. Mtoto anasimama, simu inalia, saizi imeshatoka. Watu wakapiga makofi. Kisha mzazi mmoja akamsukuma mbele mtoto wake kwenye kiti cha magurudumu. Simu ikatoa sauti ya mwanamke mpole sana. Tafadhali simama wima. Meneja akabonyeza. Ikarudia. Tafadhali simama wima. Meneja akaizima sauti kwa kidole gumba, akapiga magoti akamwomba mtoto msamaha, akasema ataviingiza vipimo vyake kwa mkono. Uso wake ulikuwa wa marehemu baba yake, na nilitaka kumwambia asimame, mwanangu, si wewe. Lakini nilikaa. Ilikuwa siku ya Mbishi.

Mbishi hakuwa na kioo kikubwa. Alikuwa na tepu shingoni na simu yenye visanduku vya kijivu, na mtu mmoja nyuma yangu akasema hii imetengenezwa na serikali nini. Alimpima mtoto yuleyule akiwa amekaa kwenye kiti chake, kulia, kushoto, akaingiza, vipimo vya karatasi vikatoka. Akampima mwingine anayesimama, vilevile. Ilichukua muda kuliko picha. Hakuficha. Aliulizwa kama inachelewa akasema ndiyo, inachelewa.

Mwalimu Mkuu alifikiri, kisha akatoa uamuzi, na uamuzi wenyewe ulikuwa wa mtu mwenye akili. Watoto wanaosimama wenyewe sare zao ziende kiwandani. Wale wengine, ambao picha haiwawezi, washonewe na sisi. Wazazi wakaitikia kwa vichwa, haki imepatikana. Mimi mwenyewe, nisiseme uongo, nilianza kufunga mkoba. Kazi ni kazi. Mama Mdogo alishanifinya paja kwa furaha.

Mbishi akabaki amesimama.

"Hapana, Mwalimu."

"Hapana nini, binti? Nimekupa kazi."

"Kiwanda kina kitambaa chake na ushonaji wake. Asubuhi watoto wakipanga mstari, kila mtu ataona kwa shati nani ni yupi. Mimi nashona nguo. Sishoni alama."

Mwalimu Mkuu alivua miwani. "Na ukikosa zote?"

"Nitazikosa zote."

Nilikuwa natazama tepu shingoni mwake, ncha yake alikuwa anaiviringisha na kuiviringua, kwa hiyo alikuwa anaogopa kama mtu yeyote. Lakini hakukaa. Mama Mdogo alinong'ona kwamba mtoto huyu atatuua na njaa, na mimi nikamwambia anyamaze, tukifa tutakufa tumevaa vizuri.

Mwalimu Mkuu akaanza kumuuliza maswali, na hayakuwa ya mtego. Simu moja inapima darasa kwa muda gani? Na ikiharibika? Na akizidiwa? Mbishi alijibu yote bila kujipamba. Ikiharibika ataijenga upya, ameshajua inapogomea. Akizidiwa atasema. Mwishoni mama huyo, Mwalimu Mkuu, akasema hawezi kumpa shule nzima mtu mwenye programu aliyoiona leo tu. Atampa darasa moja. Lakini darasa zima, hakuna kuchagua. Madarasa mengine yaende kiwandani kwa muhula huu, wote vilevile bila kuchagua, na yule ambaye picha haimwezi, kiwanda kitume mtu na tepu. Akamgeukia Meneja akamwuliza kama kiwanda kitakubali. Meneja akasema kitakubali, atahakikisha yeye. Kisha akamtazama dada yake, akaivua ile kadi shingoni akaitia mfukoni. Kwa nini, sijui, na sikumuuliza.

Kwa hiyo tulitoka mkutanoni na kazi ndogo kuliko tuliyoingia nayo. Wapo wanaosema Mbishi alichezea riziki. Waseme. Mama Mdogo alilalamika mpaka nyumbani, akalalamika na siku iliyofuata, na siku hiyohiyo ndiye aliyebeba tepu na chaki kwenda kupima.

Tulipima darasani kwao, asubuhi, madirisha yako wazi. Mwalimu wao alikuwa anaita majina kwa kufuata daftari la mahudhurio, basi kila mtoto alikuja zamu yake ilipofika. Yule msichana wa mgongo wa upinde ni wa darasa hilo. Zamu yake ilifika katikati, kati ya mvulana mnene na mvulana mwenye mafua, akapimwa kulia, akapimwa kushoto, anayefuata. Mbishi alikuwa anavisoma vipimo kwa sauti ili Mama Mdogo aviingize kwenye simu, na watoto wana masikio. Wakagundua kwamba hakuna hata mmoja ambaye mabega yake yanalingana. Kelele zikaanza. Wewe yako yamepishana ngapi? Yangu yamepishana zaidi. Huyu amekushinda. Yule msichana alikuwa amewaacha mbali wote, akakunja mikono kifuani na kukaa kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake cha haki.

Wa mwisho mwisho alikuwa mvulana mmoja mrefu, mkimbiaji wao, mwenye mabega kama yamepigwa rula. Mbishi alisoma cha kulia, akasoma cha kushoto, na tofauti ilikuwa unene wa unywele tu. Mvulana akakataa kuondoka. Alisema tepu imekosea, apimwe tena. Akapimwa tena. Ikawa vilevile. Wenzake walikuwa wanacheka, naye machozi yanamlenga.

Mbishi akaivuta tepu, akaitundika shingoni.

"Ndivyo ulivyo, baba," akamwambia. "Vumilia tu. Shati lako nalo tutalishona."